Nani Alifundishwa Kusikiliza? Watoto, Usemi na Lugha Jijini Johannesburg Tangu 1936

Mmoja wetu ana mdogo wake wa kiume ambaye leo yuko darasa la saba na hawezi kuongea Kiswahili. Alipokuwa na miaka miwili na nusu alikuwa anakiongea, tena kwa maneno ya Bukavu: batoto, mayi, kula bugali. Kisha akaanza chekechea hapa Yeoville. Baada ya miezi miwili mwalimu akamwita mama na kumwambia kwamba mtoto hasemi darasani, kwamba ana tatizo la usemi, na dawa yake ni moja: acheni hiyo lugha yenu nyumbani, msemesheni Kiingereza tu. Mama alitii. Hakuna aliyempima mtoto. Hakuna aliyeuliza kama nyumbani anasema. Siku hizi bibi akipiga simu kutoka Bukavu, kijana anasalimia kwa neno moja, kisha anampa dada yake simu.

Mwingine wetu ana binamu aliyelelewa Hillbrow. Huyo alikuwa haitiki akiitwa kwa nyuma, na akiwa na miaka mitatu alikuwa na maneno manne au matano. Watu wazima walisema, "Mwacheni, baba yake naye alichelewa kusema." Wakamwacha. Karibu na miaka mitano ndipo ilipogundulika kwamba masikio yake yote mawili hayasikii vizuri. Leo anavaa mashine za kumsaidia kusikia na anasoma, lakini ile miaka mitatu ya kwanza hakuna awezaye kumrudishia.

Mtoto mmoja aliambiwa ana tatizo ambalo hakuwa nalo. Mwingine aliambiwa hana tatizo ambalo alikuwa nalo. Wote wawili walikuwa na watu wanaowapenda, na wote wawili walikosa kitu kimoja: mtu aliyejua namna ya kuwasikiliza. Kwa hiyo tulipopewa nafasi ya kuandika makala ya historia katika toleo hili, tuliamua kuuliza swali lililo karibu na nyumba zetu. Katika mji huu wa Johannesburg, nani alifundishwa kutambua mtoto anayehitaji msaada wa kusema? Tangu lini? Na alifundishwa kusikiliza kwa lugha gani?

Kliniki ya Braamfontein

Taaluma ya tiba ya usemi nchini Afrika Kusini ilianzia hapa hapa. Mwaka 1936 P. de V. Pienaar, mtaalamu wa fonetiki katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alianzisha kliniki ya usemi, sauti na usikivu. Muda si mrefu chuo kikaanza kutoa mafunzo ya kazi hiyo, kwanza kwa ngazi ya diploma, baadaye shahada. Pienaar mwenyewe alihamia Chuo Kikuu cha Pretoria, na huko pia idara ikaanzishwa. Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kuwa tabibu wa usemi nchini hapa alipitia mikononi mwa watu waliofundishwa katika vyuo hivyo viwili.

Lazima tuseme wazi kwamba kazi hiyo ilikuwa njema. Kabla yake, mtoto mwenye kigugumizi alichekwa, aliyezaliwa na mdomo uliopasuka alifichwa, na asiyesikia alihesabiwa kuwa hana akili. Kliniki ilileta wazo jipya: kwamba usemi una viungo vyake, una hatua zake, na unaweza kusaidiwa kwa mazoezi na subira.

Lakini tazama mwaka na mahali. Nchi ilikuwa na lugha rasmi mbili, Kiingereza na Kiafrikana. Vipimo, picha, orodha za maneno na umri wa kutegemea kila sauti vilitoka katika lugha za Ulaya. Mwaka 1948 utawala wa ubaguzi wa rangi ukaingia madarakani. Mwaka 1953 ikaja sheria ya elimu ya Wabantu, na mwaka 1959 ikaja sheria iliyowazuia wanafunzi weusi kuingia vyuo kama Witwatersrand bila kibali cha waziri. Matokeo yake kwa taaluma hii yanaeleweka bila kuhitaji hesabu ngumu. Kazi ambayo chombo chake kikuu ni sikio ilifundishwa kwa watu ambao wengi wao hawakuzijua lugha za watoto walio wengi. Mzungumzaji wa Kizulu, Kisotho au Kitswana, ambaye angeweza kusikia kosa la mtoto kwa lugha ya mtoto mwenyewe, alifungiwa mlango.

Kigugumizi chahesabiwa

Hata hivyo historia haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1962 Myrtle Aron wa Witwatersrand alichapisha utafiti juu ya kigugumizi miongoni mwa watoto wa shule Waafrika wa Johannesburg. Katika kichwa cha utafiti wake watoto hao wanaitwa "Bantu". Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalitumia neno hilo kila wiki tunapozungumzia ngeli na asili ya lugha yetu. Rafiki zetu wa Soweto hulisikia kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu wazazi wao waliligongewa kwenye vitambulisho. Ni vizuri kulijua hilo kabla hatujalitamka mbele yao.

Umuhimu wa utafiti wa Aron unaonekana ukikumbuka mjadala wa wakati ule. Huko Marekani, Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa alikuwa amefundisha kwamba kigugumizi huanzia katika sikio la mzazi kabla ya kuwa katika mdomo wa mtoto: mzazi anasikia kusitasita kwa kawaida, anakuita kigugumizi, mtoto anaingiwa na hofu, na hofu inazaa kigugumizi chenyewe. Kutokana na fikra hiyo watu wakasema kwamba jamii zisizo na haraka wala neno la kukitaja hazina watu wenye kigugumizi. Aron alikwenda shuleni akahesabu, akapata kiwango cha zaidi kidogo ya mtoto 1 katika kila 100, jambo ambalo halitofautiani sana na yale yaliyokwisha kuripotiwa Ulaya na Marekani.

Angeweza pia kuuliza lugha zenyewe. Kizulu kina kitenzi ukungingiza. Kiswahili kina kigugumizi. Yatamke maneno hayo mawili polepole, nawe utasikia kwamba waliyoyaunda walikuwa wamesikiliza vizuri. Kina pia kithembe kwa yule ambaye ulimi unateleza kwenye sauti ya s, na udata kwa ule uzi wa chini ya ulimi unaoubana. Babu zetu hawakuwa na kliniki, lakini walikuwa na masikio.

Fundisho la Johnson lilikuwa na upande wake wa kutisha, nao unatuhusu. Mwaka 1939 mwanafunzi wake Mary Tudor, kwa usimamizi wake, alifanya jaribio katika nyumba ya yatima mjini Davenport, Iowa. Watoto 22 walishirikishwa. Miongoni mwao, 6 waliokuwa wakisema vizuri waliambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi na kwamba wajizuie wasiseme mpaka waweze kusema sawasawa. Hawakupata kigugumizi kamili, lakini walinyamaza. Wakawa wazito wa kusema, wenye haya, wenye hofu. Habari hiyo ilikaa gizani mpaka mwaka 2001 gazeti lilipoifichua, chuo kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kuwalipa walioathirika dola 925,000.

Tunaisimulia hadithi hiyo kwa sababu moja. Kumwambia mtoto ana tatizo si jambo dogo. Neno la mtu mzima lina uzito wa kumfunga mtoto mdomo. Mdogo wake mwenzetu hakufanyiwa jaribio lolote. Alifanyiwa haraka tu. Lakini yeye pia alinyamaza, kwa lugha moja.

Kipimo cha lugha nyingine

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sisi, kama wanafunzi wa Kiswahili, tunaweza kulisemea kwa ujasiri kidogo, maana ni sarufi.

Mtoto anayejifunza Kiingereza huchelewa kutumia kauli ya kutendwa. Vitabu vya zamani vilisema kwamba kauli hiyo ni ngumu kwa watoto wote duniani, na kwamba akili ya mtoto lazima ipevuke kwanza. Mapema miaka ya 1980 Katherine Demuth aliishi Lesotho akirekodi watoto wadogo wanaojifunza Kisotho, akawakuta wakitumia kauli ya kutendwa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Sababu iko katika lugha yenyewe. Kwa Kisotho huulizi moja kwa moja "Nani alipika?" Unauliza kwa mfano wa "Kilipikwa na nani?" Mtoto anaisikia kauli hiyo kutwa nzima, kwa hiyo anaikamata mapema. Kumbe kilichoitwa sheria ya akili ya mtoto kilikuwa tabia ya Kiingereza.

Hapa Witwatersrand, Susan Suzman alichunguza namna watoto wanavyojifunza Kizulu, akamaliza tasnifu yake mwaka 1991. Mwaka 2000 yeye na Tshabalala walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa Kizulu wenye matatizo ya lugha. Hiyo ni kazi ya namna tunayoitamani. Kabla ya kusema mtoto wa Kizulu ana tatizo, wajua kwanza mtoto wa Kizulu asiye na tatizo anasemaje. Je, anaziacha herufi za mwanzo za majina? Kwa muda gani? Upatanisho wa ngeli unakamilika lini? Katika lugha hizi dada za Kiswahili, mtoto mdogo huanza kwa kuacha viambishi vya mbele, na kufikia miaka mitatu kwa kawaida ameshavipanga vizuri. Mtu mzima anayejifunza ngeli darasani, kama wengi wetu, anaweza kulia kwa wivu.

Tafakari basi mtu asiyejua Kizulu akimpima mtoto huyo kwa kitabu cha Kiingereza. Ataona makosa mahali pasipo na makosa. Na kibaya zaidi, hataona kosa mahali lilipo, kwa sababu kitabu chake hakina ngeli. Mtoto wa miaka minne ambaye bado anachanganya upatanisho wa umuntu na abantu anaweza kuwa anaomba msaada, na hakuna chumbani anayemsikia.

Mwaka 2018 Katijah Khoza-Shangase na Munyane Mophosho, wote wa Witwatersrand, waliandika makala ya kuionya taaluma yao kuhusu hatari ya kushika hadithi moja tu ya lugha na utamaduni. Ilikuwa ni miaka 82 baada ya kliniki ya Pienaar, na miaka 22 baada ya Katiba ya 1996 kutaja lugha rasmi 11. Mlango ulikuwa umefunguliwa, lakini vyumba vya ndani vilikuwa bado vinapangwa upya.

Na Kiswahili je?

Katiba hiyo ya 1996, mbali na lugha rasmi, inataja lugha nyingine za jamii zinazostahili kuheshimiwa: Kijerumani, Kigiriki, Kigujarati, Kihindi, Kireno, Kitamil, Kitelugu na Kiurdu, pamoja na Kiarabu, Kiebrania na Kisanskriti kwa ajili ya dini. Kiswahili hakimo. Wakati ule wengi wa wazazi wetu walikuwa hawajafika. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kufundishwa shuleni kama somo la hiari kuanzia 2020, nasi tulishangilia. Lakini somo la hiari la mtoto wa darasani halimsaidii mtoto wa miaka miwili. Huyo anahitaji mtu atakayemsikiliza leo.

Kwa bahati nzuri watoto wa Kiswahili wamesikilizwa kwingineko. Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wanne wa Nairobi, akachapisha kitabu mwaka 2005. Aligundua kwamba watoto wadogo huacha viambishi vya mwanzo wa kitenzi, hasa kile cha nafsi. Mtoto anamwonyesha paka na kusema "nakula", akikusudia anakula. Mwalimu asiyejua hilo angesema mtoto huyu hajui tofauti kati yake na paka. Mama wa Nairobi anajua ni hatua tu, na yeye mwenyewe akiwa na haraka huacha kiambishi hicho.

Kule Kilifi, pwani ya Kenya, Katherine Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno na ishara za watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kwa orodha kama hizo mtoto hafanyiwi mtihani. Mama au mlezi ndiye anayeulizwa: je, anasema maji? anasema kuku? anaelewa akiambiwa lete kiatu? Kwa kuwa si kila mzazi alisoma shule, waliuliza kwa mdomo. Huo ni uvumbuzi unaoonekana mdogo, lakini unageuza mambo yote. Unamfanya bibi kuwa shahidi mkuu badala ya kuwa kikwazo.

Na huko Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 2008 kutoa shahada ya tiba ya usemi na lugha, ya kwanza Afrika Mashariki. Kabla ya hapo, Mwafrika Mashariki aliyetaka kazi hiyo ilimbidi avuke mipaka ya mbali. Linganisha miaka: Johannesburg 1936, Kampala 2008. Mji wetu ulitangulia kwa miaka 72, na bado mtoto wa Kiswahili katika mji huu hana hakika ya kukutana na mtu anayejua kwamba "nakula" si kosa.

Tujionye na sisi wenyewe. Siku ikifika ya kuwa na kipimo cha Kiswahili hapa Johannesburg, kitatoka wapi? Kikitungwa kwa Kiswahili sanifu tu, mtoto wa Bukavu au Lubumbashi anayesema "batoto" atahesabiwa amekosa ngeli. Hajakosa. Amesema kama mama yake. Hata katika chama chetu tumewahi kucheka Kiswahili cha Kongo kana kwamba cha Tanga ndicho kilichoshuka kutoka mbinguni. Kicheko hicho ni kidogo, lakini ni cha ukoo mmoja na kile kitabu cha Kiingereza.

Historia inatufundisha kusikiliza nini?

Wasomaji wetu wengi bado hawana watoto. Lakini tuna wadogo zetu, wapwa, na watoto wa majirani, na mara nyingi sisi ndio tunaopelekwa kliniki kutafsiri. Kwa hiyo tumekusanya yale ambayo wataalamu wa leo wanakubaliana, kwa maneno ya nyumbani.

La kwanza ni masikio. Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, asiyegeuka akiitwa, anayeongeza sauti ya televisheni, au anayetokwa usaha masikioni mara kwa mara, apimwe usikivu kabla ya jambo lingine lolote. Hiki ndicho walichokiruka watu wa Hillbrow.

Pili, mtoto aliyekaribia mwaka mmoja hupiga domo la kitoto, ba-ba-ba, da-da-da, hunyoosha kidole, hupunga mkono. Akitimiza mwaka bila sauti hizo wala ishara hizo, aonwe. Akifika mwaka mmoja na nusu bila neno hata moja lenye maana, aonwe. Akifika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, kama "mama maji" au "baba kaenda", aonwe. Akiwa na miaka mitatu na watu wa nyumbani wenyewe hawamwelewi, aonwe. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, huyo asingojwe hata wiki.

Tatu, mtoto wa lugha mbili ahesabiwe kwa lugha zote mbili. Akisema maji, kuku, "car" na "amanzi", hayo ni maneno manne, ingawa mawili yana maana moja. Kuchanganya lugha katika sentensi moja si ugonjwa. Kama ingekuwa ugonjwa, Johannesburg nzima ingelazwa. Mtoto mgeni wa lugha anaweza kukaa kimya darasani kwa miezi kadhaa huku nyumbani anaropoka kutwa. Swali la kuuliza ni lile ambalo mwalimu wa Yeoville hakuliuliza: je, katika lugha ya nyumbani anasemaje? Tatizo la kweli la lugha huonekana katika lugha zote za mtoto. Likionekana katika Kiingereza peke yake, mtoto anajifunza Kiingereza, basi.

Nne, kigugumizi. Watoto wengi kati ya miaka miwili na mitano husitasita kwa muda kisha huacha. Asikaripiwe, asiambiwe "sema vizuri", asimaliziwe maneno. Hali ikiendelea zaidi ya miezi sita, au uso na shingo vikikaza, au mtoto akianza kuogopa kusema, au katika ukoo wapo watu wazima wenye kigugumizi, apelekwe.

Tano, kisu. Wapo wanaokimbilia kukata udata kila mtoto anapochelewa kusema. Ulimi uliobanwa unaweza kusumbua unyonyaji au baadhi ya sauti, lakini hauzuii mtoto kuelewa wala kujifunza maneno. Mtoto asiye na maneno ana sababu nyingine, na wembe utaificha tu.

Waulize wataalamu na watakwambia pia jambo ambalo lingemwokoa yule mdogo wetu: hakuna haja ya kuacha lugha ya nyumbani. Mtoto, hata yule mwenye tatizo la kweli, anajengwa na mazungumzo marefu, yenye mapenzi, na mtu anayeijua vizuri lugha anayoisema. Mama yake alikuwa na Kiswahili chenye methali, vitendawili na utani. Alipoambiwa akiache, alibaki na Kiingereza cha sokoni Raleigh Street: bei gani, punguza, njoo hapa, acha. Mtoto hakupewa lugha mpya. Alipunguziwa ile aliyokuwa nayo.

Pa kwenda papo. Kila mtoto anayezaliwa au kuhudhuria kliniki nchini hapa hupewa kile kijitabu cha afya cha Road to Health, na ndani yake kuna kurasa za kuangalia ukuaji wake, pamoja na kusikia na kusema. Mama aulize muuguzi azijaze, asikubali kurasa hizo zirukwe kwa sababu foleni ni ndefu. Na kwa wazazi wanaoogopa kliniki kwa sababu ya karatasi zao: tangu 1994 matibabu ya serikali kwa watoto wa chini ya miaka sita ni bure, na Aprili 2023 Mahakama Kuu ya hapa Johannesburg ilithibitisha kwamba haki hiyo ni ya kila mtoto wa umri huo, hata asiye na hati.

Methali mbili

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazovutana. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Chekechea ya Yeoville ilisahau ya kwanza. Watu wa Hillbrow walisahau ya pili. Ukizifikiri vizuri, hata hivyo, hazigombani. Ya kwanza ni ya kutoa hukumu: usiwe na haraka ya kumpa mtoto jina la ugonjwa. Ya pili ni ya kwenda kusikilizwa: usichelewe. Nenda mapema, hukumu polepole.

Tangu 1936 mji huu umekuwa na watu waliojifunza kusikiliza watoto. Kilichokosekana hakikuwa nia njema, bali lugha. Nasi tunayo lugha, hata kama ni ya kuokoteza, hata kama ngeli ya U inatutoa jasho. Miongoni mwa wanachama wetu wapo wanaosoma saikolojia, uuguzi, ualimu, na mmoja anatarajia kuomba nafasi katika tiba ya usemi. Tungependa asiwe wa mwisho. Na kwa walimu wetu tunaomba jambo moja: mtusaidie kurekodi, kwa idhini ya wazazi, namna watoto wadogo wanaosema Kiswahili wa Yeoville, Hillbrow na Berea wanavyoongea, cha Kongo na cha pwani bila ubaguzi, ili siku mmoja wao akipelekwa kliniki, pawe na kitu cha kumlinganisha nacho zaidi ya Kiingereza.

Mdogo wake mwenzetu ameanza kuja kwenye vikao vyetu vya Ijumaa. Anakaa nyuma, hasemi sana. Wiki iliyopita bibi alipiga simu wakati kikao kinaendelea, na dada mtu akampa ile simu bila kusema neno. Kijana aliishika, akafikiri kidogo, akasema, "Shikamoo, bibi." Kisha akanyamaza. Upande wa pili bibi alikuwa anaongea, anaongea, anaongea, naye akawa anasikiliza.